Kidari cha Kuku Kilichovikwa Proshuto, kwa Jioni Zisizo na Muda

Katika majuma ambayo zamu yangu kwenye nyumba ya kutunzia wazee ni ya mchana, mimi hufika nyumbani saa mbili na robo usiku na kumkuta mume wangu amekwisha kumwogesha mtoto, meza imeandaliwa, na wote wawili wananitazama kama watu walioahidiwa kitu. Saa hiyo si ya kukuna nazi, wala si ya kumngojea kuku mzima aive ndani ya oveni kwa saa nzima na zaidi. Chakula ninachokipika jioni hizo, mara mbili hivi kwa mwezi, ni kidari cha kuku kilichovikwa vipande vyembamba vya proshuto, pamoja na maharage machanga ya kuchemsha, yale ya kijani yanayoliwa na maganda yake, na tangu nivue koti hadi tukae mezani huwa imepita nusu saa. Ndugu zangu wa Moshi huniuliza kwa simu kila ninapowatumia picha yake, nami kila mara huwaeleza nusu nusu, kwa hiyo leo nimeona nikae niandike yote.

Ninaishi Parma, kaskazini mwa Italia, na hapa proshuto ni kitu cha kila siku. Ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kuachwa likauke taratibu kwa hewa, bila kupikwa na bila kufukizwa moshi. Vilima vya ukaushaji viko kusini mwa mji, katika bonde la Langhirano na vijiji vya jirani, ambako ukipita kwa basi unaona majengo marefu yenye madirisha membamba yaliyopangwa kwa safu, yaliyojengwa hivyo ili upepo wa vilimani uingie na kutoka kati ya mapaja yaliyoning'inizwa. Proshuto inayoitwa Prosciutto di Parma hufuata masharti makali: viungo vyake ni viwili tu, nyama ya nguruwe na chumvi ya bahari, na ni lazima paja likae miezi isiyopungua 14 kabla ya kupigwa chapa ya moto yenye umbo la taji la ncha tano. Kabla ya chapa hiyo huja mtu mwenye sindano iliyochongwa kwenye mfupa wa farasi, akachoma paja mahali fulani, akanusa mfupa, akachoma pengine, akanusa tena, kwa sababu mfupa huo hunasa harufu upesi na kuiachia upesi. Niliwahi kusimama karibu na mzee mmoja akiifanya kazi hiyo. Hakusema neno lolote; alichoma, akapitisha sindano chini ya pua, akasogea kwenye paja lililofuata, na mimi nilishindwa hata kuhesabu alikuwa amefikia la ngapi.

Mambo hayo yanahusika moja kwa moja na sufuria yako. Paja lililokaa muda wote huo limepoteza zaidi ya robo ya uzito wake kwa kukauka, na chumvi iliyoingia mwanzoni imebaki humo humo ndani ya nyama iliyopungua. Hii ina maana kwamba unapokifunga kidari cha kuku ndani ya proshuto, umekwisha kukitia chumvi, na umekwisha kukitia mafuta pia. Mapishi haya hayana siri nyingine kubwa kuliko hiyo, na mimi niliielewa baada ya kuharibu chakula.

Mara ya kwanza nilimwandaa kuku jinsi nilivyozoea kumwandaa kwetu: chumvi, tangawizi iliyotwangwa, kitunguu saumu, ndimu, kisha nikamwacha alale ndani ya viungo kwa saa mbili. Halafu nikavizungushia vidari proshuto, tena kwa ukarimu, vipande vinne kwa kila kimoja, kwa kuwa nilikuwa na wageni. Kilichotoka kwenye oveni kilionekana kizuri mno, chekundu na kinachong'aa, na mgeni wa kwanza alipoonja alinyamaza kidogo, akaomba maji. Wa pili naye akaomba maji. Mume wangu, ambaye si mtu wa kusitiri mambo, aliniuliza kwa Kichaga kama nimepika kuku au nimepika bahari. Tangu siku hiyo kuku wangu wa proshuto hapati hata chembe moja ya chumvi kutoka mkononi mwangu. Hupata pilipili manga, limau kidogo la kukamulia mwishoni, na jani la seji, mmea wa kiungo wenye majani ya harufu kali. Tangawizi nimeiacha pia, kwa sababu inapambana na ladha ya nyama iliyokaushwa, na katika pambano hilo hakuna anayeshinda.

Sasa tuje dukani. Katika maduka ya nyama zilizokaushwa hapa, mtu huagiza kwa etto, yaani gramu 100, na ukisema tu kwamba unataka proshuto, muuzaji atakuuliza kwa uvumilivu wa mtu anayeuliza swali hilo siku nzima: mbichi au iliyopikwa? Iliyopikwa ni ile ya rangi ya waridi, yenye majimaji, na ndiyo inayofanana na hemu ambayo wengi wetu tunaijua kutoka madukani Nairobi au Dar es Salaam. Hiyo haifai kwa pishi hili. Ukiipeleka kwenye kikaango hutoa maji, huteleza, haishikani na kuku, na haipati ule ukavu wa kuvunjika mdomoni. Unayoitaka ni ile mbichi iliyokaushwa, iliyokatwa kwa mashine hadi ukiinua kipande mbele ya taa unaiona nuru ikipita kwenye utepe wa mafuta. Etto moja hutoa vipande sita au saba, ambavyo kwa familia yangu ya watu watatu vinatosha kabisa. Niliwahi kumwomba muuzaji anikatie proshuto ya miezi 24 kwa ajili ya kupikia, naye aliweka kisu chini. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka 81 ambaye ndiye mwalimu wangu wa mambo mengi ya jiko la hapa, nilipomsimulia alimuunga mkono muuzaji: iliyokaa muda mrefu huliwa kama ilivyo, kwa mkate au kwa tikiti la manjano, na kuipeleka motoni ni kufuru. Ya kupikia ni ile changa, ya bei ya chini.

Kwa aliye nyumbani Afrika Mashariki na hapati nyama ya namna hiyo, bekoni iliyokatwa nyembamba inaweza kushika nafasi yake, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, bekoni ina mafuta mengi zaidi, kwa hiyo ni lazima uyaache yatoke kwenye kikaango na uyamwage kabla ya kwenda kwenye oveni. Pili, bekoni ni mbichi kwelikweli na inahitaji kuiva, tofauti na proshuto ambayo tayari huliwa bila kupikwa. Nami nasisitiza kwamba kuku awe wa kisasa. Kidari cha kuku wa kienyeji ni kitamu mara kumi, lakini kinadai moto mdogo na muda mrefu, na ukikipeleka kwenye oveni kwa robo saa utatafuna hadi kesho.

Kuhusu kuku mwenyewe kuna jambo ambalo mama yangu hajanisamehe. Mimi simwoshi tena. Nililelewa kumwosha kuku kwa maji mengi na ndimu, na ilikuwa aibu kwa msichana kumpika kuku asiyeoshwa. Lakini mafunzo ya usafi wa chakula tuliyopewa kazini yalinieleza kwamba maji yanayoruka kutoka kwenye kuku mbichi hutawanya vijidudu kwenye sinki, kwenye bomba, kwenye nguo na kwenye saladi iliyo karibu, na kwamba kinachoviua vijidudu hivyo ni moto. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, huko Ulaya mmekuwaje?" Sikubishana naye. Kwake Moshi nikiwa likizoni naosha, na naosha kwa ndimu.

Kwa pishi hili kuna sababu nyingine ya kumwepusha kuku na maji: nyama iliyolowa haishikani na proshuto. Kwa hiyo navitoa vidari kwenye karatasi, navifuta kwa taulo ya karatasi pande zote hadi viwe vikavu, kisha nafanya kazi ambayo watu wengi huiruka na baadaye hulalamika kwamba kidari ni kikavu kama mbao. Kidari kina upande mnene na upande mwembamba unaoishia kama mkia, na ukikiweka motoni hivyo hivyo, mkia utakauka kabla ya upande mnene kuiva. Mimi hukiweka ndani ya mfuko safi wa plastiki na kuugonga upande mnene kwa kijiti cha kusukumia chapati, si kwa hasira, hadi unene uwe karibu sawa kote, kama sentimita mbili. Kinachoamua muda wa kuiva ni unene huo kuliko uzito. Vidari vyangu huwa na gramu 150 hadi 170 kila kimoja, lakini hata kama vyako ni vikubwa, vikiwa na unene wa sentimita mbili muda hautabadilika sana.

Wakati nafanya hayo oveni inapata moto wa nyuzi 200. Natandaza vipande viwili vya proshuto juu ya ubao, kimoja kikilalia ukingo wa kingine, natia pilipili manga iliyosagwa sasa hivi, naweka jani moja la seji katikati, kisha nalaza kidari juu yake na kukifunika kwa ncha za pande zote mbili, ili mahali zinapokutana pawe chini. Seji naichuma kwenye chungu kilichoko barazani kwa yule bibi wa chini, kwa ruhusa yake ya kudumu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ninachopika ni binamu wa chakula cha Roma kiitwacho saltimbocca, ambacho jina lake lina maana ya kitu kinachoruka kikaingia kinywani: huko hutumia pande jembamba la nyama ya ndama, jani la seji na proshuto juu, na kuvishikiza vyote kwa kijiti cha meno. Mimi kijiti sikitumii, na sababu iko kwenye kikaango.

Napasha moto kikaango kinachoweza kuingia kwenye oveni, natia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya zeituni, si zaidi, kwa kuwa proshuto italeta mafuta yake, na navilaza vidari upande wa maungio ukiwa chini. Hapa ndipo pa kusimama na kutazama. Sekunde za kwanza proshuto hulegea na kung'aa. Kisha utepe mweupe wa mafuta ulioko pembeni hugeuka kuwa kama kioo, huanza kutokota kwa sauti ndogo, na nyama yenyewe hujikunyata na kukibana kidari, kama nguo iliyolowa inavyougandama mwili. Baada ya dakika mbili hivi ukijaribu kukisukuma kidari kwa mwiko na kikatembea chenyewe bila kung'ang'ania, maungio yamekwisha kujifunga na hayatafunguka tena. Ukikigeuza kabla ya hapo, proshuto itabaki kwenye kikaango na kuku atabaki uchi. Nageuza, nakipa upande wa pili dakika moja na nusu, na kikaango chote kinaingia kwenye oveni.

Humo hukaa dakika 10 hadi 12. Nina kipimajoto cha nyama, kifaa kidogo ambacho nilikinunua kwa bei ya milo miwili ya mgahawani na ambacho nisingekibadilisha kwa sufuria yoyote ya fahari, na nakichomeka upande mnene kabisa: kikisoma nyuzi 74, kuku ameiva na ni salama. Asiye nacho akate katikati ya kidari kimoja na aangalie kama nyama ni nyeupe hadi ndani na majimaji yanatoka bila rangi, ingawa kidari hicho kitapoteza mchuzi wake na ni adabu mpishi akile mwenyewe. Kisha vidari vinahamia kwenye ubao na kukaa dakika tano bila kuguswa. Dakika hizo tano ndizo mwanangu anazozichukia kuliko zote, lakini ukikata mara moja, maji ya nyama hukimbilia kwenye ubao badala ya kubaki ndani.

Maharage machanga hupikwa katika muda huo huo. Yanachemka dakika sita au saba, yanachujwa, kisha nayageuza ndani ya kile kikaango kilichotoka kwenye oveni (ukishike kwa kitambaa kinene, mpini una moto wa nyuzi 200 na mimi nina kovu la kuthibitisha) ili yaokote masalia ya proshuto yaliyoganda chini, na juu yake nakamulia nusu limau. Hayo nayo hayapewi chumvi. Tukiwa na njaa ya kweli nasonga ugali kidogo kwa unga wa polenta, ambao ni mahindi kama yetu ila chenga zake ni kubwa. Wenyeji huukoroga hadi dakika arobaini na kuuacha laini kama uji mzito; mimi nausonga kwa robo saa ukawa ugali, na yule bibi huja kuutazama kama mtu anayetazama mchezo wa mazingaombwe.

Nimekiita chakula hiki cha afya ninapozungumza na ndugu zangu, na inanipasa niseme ni kwa kiasi gani. Kidari kisicho na ngozi ni nyama isiyo na mafuta mengi: gramu 100 mbichi zina protini kama gramu 22 na mafuta gramu mbili au tatu tu, na chakula chote kinatumia kijiko kidogo cha mafuta kwa watu watatu. Hiyo ndiyo sehemu nzuri. Proshuto, kwa upande mwingine, huwa na chumvi ya gramu nne hadi tano katika kila gramu 100, kwa hiyo vipande vyako viwili vinaleta chumvi ya gramu moja na ushee, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu tano kwa siku nzima. Zaidi ya hapo, mwezi Oktoba 2015 taasisi ya shirika hilo inayochunguza saratani iliziweka nyama zilizosindikwa, hemu ikiwemo, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kwa ushahidi unaohusu utumbo mpana. Kundi hilo linaeleza uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa hatari, lakini mimi nayachukulia maneno hayo kwa uzito. Ndiyo maana ni vipande viwili kwa kidari na si vinne, na ndiyo maana ni mara mbili kwa mwezi na si kila juma. Mume wangu, aliyekulia kwenye mabenchi ya kitimoto ya Moshi, anaona hesabu hizi ni uchoyo uliovaa koti la daktari.

Rafiki yangu wa Mombasa anayeishi ghorofa ya juu hali nguruwe, na mara ya kwanza nilipomkaribisha alinitangulia kusema, "Usijisumbue, mwenzangu, mimi nitakula maharage tu." Kumlisha mgeni maharage matupu ningeona haya. Siku hizi akija nanunua bresaola yenye cheti cha halali, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa mtindo wa bonde la Valtellina, kule juu Lombardia, na kuku wake nanunua kwenye duka la halali. Kikaango chake, ubao wake na kisu chake ni tofauti, vimewekwa kwenye kabati la peke yake, na yeye analijua hilo kabati. Pishi lenyewe hubadilika kidogo: bresaola ina mafuta kidogo sana, kwa hiyo ikiachwa hivi hivi huwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Naipaka mafuta ya zeituni kwa brashi kabla ya kukifunga kidari na baada ya kukifunga, nakikaanga upande wa maungio peke yake kwa dakika moja, na katika oveni naifunika sufuria kwa karatasi ya kuokea hadi dakika tatu za mwisho. Ladha yake si ile ile. Ni kavu zaidi, ina harufu ya viungo, na kusema kweli kwa maharage yenye limau naipenda kuliko ya kwangu, jambo ambalo sijamwambia muuzaji wangu wa proshuto.

Kikibaki kidari, nakiacha kipoe na kukitia kwenye friji usiku ule ule. Sikipashi moto kesho yake, kwa sababu proshuto iliyolala kwenye friji hulainika, na ukiipasha tena inakuwa kama mpira huku kuku akikauka. Nakikata vipande vyembamba kikiwa baridi, navipanga kwenye mkate pamoja na majani ya roketi, mboga ya saladi, nafunga kwenye karatasi, na kufikia saa kumi na mbili jioni, wazee wangu wakiwa wamekwisha kunywa supu yao, nakila nikiwa nimesimama dirishani kwenye chumba cha mapumziko. Huwa natoka na vipande vinne. Mwanangu amekwisha kujua friji hufunguliwa saa ngapi, kwa hiyo juma lililopita nilifungua karatasi nikakuta viwili, na mkate ulikuwa umefungwa upya vizuri sana.